Tunawaita wanoko, kumbe ndio wanaotubeba



Leo nataka tuongelee unoko. Kwa wale mliokaa ughaibuni muda mrefu mkasahau Kiswahili cha mtaani, mnoko ni yule anayehesabu chenji mara mbili mbele ya konda. Ni yule anayesoma mkataba wa kupanga chumba hadi mstari wa mwisho wakati mwenye nyumba ameshamwekea kalamu mkononi. Kazini ni yule asiyesaini mpaka tarehe irekebishwe, na ndiye anayesemwa vibaya kila saa ya chai. Na sisi vijana tuliosoma, tunaojiona wa kisasa, ndio wa kwanza kumcheka.

Hoja yangu naiweka mezani mapema, asije mtu akasema nimezunguka mbuyu. Nchi hii inabebwa na wanoko. Kuna kazi chungu nzima zinazomtaka mtu wa aina hiyo, asiyeweza kulala kama hesabu haijalingana, na kazi hizo tunazidharau, tunazilipa kidogo, halafu tunashangaa kwa nini kila kitu chetu kinakwenda mrama. Huo ni ujinga, na unatugharimu pesa na roho za watu.

Kwa kazi yangu ya kuandika habari nimekaa kwenye makongamano mengi ya vijana, Njombe mjini na Makambako. Ratiba ni ile ile. Mgeni rasmi anachelewa saa mbili, halafu anapanda mhamasishaji na maiki yake. "Fikiri makubwa! Jiajiri! Kuwa bosi wako mwenyewe! Thubutu!" Ukumbi unapiga makofi, tunakunywa soda, tunaondoka. Sijawahi kumsikia hata mmoja akiuliza: nani humu ndani akishika gazeti anaona herufi iliyokosewa kabla hajaona picha? Nani akiona safu ya tarakimu anajua kuna moja imekaa vibaya, hata kabla hajajua ni ipi? Wewe mwenye macho hayo, una mtaji. Hakuna anayewaambia hivyo. Vijana wa namna hiyo wanarudi nyumbani wakiamini kwamba wana kasoro, kwa sababu hawana kelele na hawana haraka.

Sasa hebu tuone kasoro hiyo inaokoa nini.

Tuanze na viazi, maana huwezi kuongelea Njombe ukaviruka. Mkulima wa viazi mviringo anauza kwa gunia. Mnunuzi anakuja na magunia yake, yanajazwa, yanashindiliwa, halafu juu yanafumwa kichwa cha kamba hadi gunia linafanana na mzee aliyevaa kilemba. Hiyo ndiyo lumbesa. Sheria ya vipimo inasema mzigo wa mazao usizidi kilo 100. Kila mtu anaijua sheria hiyo, na kila mtu anayajua magunia yenye vilemba.

Tufanye hesabu ya darasa la nne. Chukulia mkulima ameuza magunia 40, kila moja likiwa na kilo 130, kwa bei ya gunia la kilo 100. Ametoa kilo 5,200 na amelipwa kilo 4,000. Kilo 1,200 zimekwenda bure, sawa na magunia 12. Bei ikiwa sh. 60,000 kwa gunia, mkulima huyo amemzawadia mtu asiyemjua sh. 720,000. Mzigo ukifika mjini unauzwa kwa kilo, kwa sado au kwa ndoo, na huko hakuna anayeongeza kilemba. Sh. 720,000 ni mbolea ya msimu ujao. Ni sare, madaftari na nauli za watoto.

Ni nani anayesimama kati ya mkulima huyo na wizi huo? Hatuhitaji mhamasishaji pale. Anahitajika mtu mmoja mwenye mizani iliyohakikiwa, anayeamini kwamba kilo ni kilo. Wakala wa Vipimo ulianzishwa mwaka 2002 kwa kazi hiyo hiyo. Mizani ya duka, pampu ya mafuta, gari la kubeba mafuta, vyote vinatakiwa kukaguliwa. Na kazi hii inasomewa. Chuo cha Elimu ya Biashara, CBE, kilichoanza mwaka 1965, kinafundisha mambo ya mizani na vipimo. Jiulize, katika darasa lako la kidato cha sita, ni wangapi waliwahi kusikia kwamba kuna mtu anasomea kilo? Waliposikia, hawakucheka?

Twende Makambako. Watu wengi wanaifahamu kama mahali pa kushuka kununua chipsi na kukimbilia choo wakati basi la Mbeya au la Songea limesimama. Lakini Makambako ni mji wa vipimo. Barabara kuu ya kwenda Zambia inakutana hapo na barabara ya Njombe na Songea, na kuna mizani ya magari. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 ya kudhibiti uzito wa magari imeweka ukomo wa tani 56 kwa gari pamoja na mzigo wake, na kila ekseli ina kiwango chake. Dereva akifika pale anamwona mtu wa mizani kama adui. Anamwita mnoko. Lami ikibonyea na kuwa kama matuta ya viazi, dereva huyo huyo anaitukana serikali.

Na reli ya TAZARA inapita hapo hapo Makambako, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Upana kati ya reli na reli ni milimita 1,067. Reli ya kati ya zamani, ile waliyoanza Wajerumani, ni milimita 1,000. Tofauti ni milimita 67, haifiki hata upana wa kiganja chako. Kwa milimita hizo 67 behewa la reli moja haliwezi kupita juu ya reli nyingine, na ndiyo maana kule Kidatu pakawekwa mahali pa kuhamishia mizigo kutoka behewa hadi behewa. Mtu anayekwambia "milimita chache tu hizo, bwana" hajawahi kusimamia kitu kinachotembea.

Usidhani haya ni ya kwetu tu. Mwaka 1999 Marekani walipoteza chombo chao cha kuchunguza hali ya hewa ya sayari ya Mars. Kundi moja la wataalamu lilikuwa likitoa hesabu za nguvu kwa vipimo vya Kiingereza, vya ratili. Kundi jingine lilizipokea likidhani ni vipimo vya metriki. Hakuna aliyesimama akauliza, "Samahani, hizi namba ni za kipimo gani?" Chombo kilisafiri zaidi ya miezi tisa, kikafika, kikapotea. Watu wenye shahada kuliko ukoo wako mzima, na kilichokosekana ni mnoko mmoja aliyesikilizwa. Sasa wewe unayechanganya ekari na hekta kwenye andiko la mradi, halafu unaambiwa unakasirika, utasemaje?

Nije kwenye jambo zito zaidi. Utafiti wa taifa wa mwaka 2022/23 ulionyesha kwamba mkoa wa Njombe ndio wenye kiwango cha juu kuliko yote cha maambukizi ya virusi vya UKIMWI nchini, asilimia 12.7 ya watu wa umri wa miaka 15 na zaidi, wakati wastani wa taifa ulikuwa asilimia 4.4. Hapa kwetu hiyo si takwimu ya mbali. Ni majirani zetu, ni madada zetu, ni sisi wenyewe.

Watu hao wanaishi, wanafanya kazi na wanazaa watoto wasio na maambukizi, kwa sababu dawa zipo na kwa sababu kuna watu wa maabara. Fikiria kazi ilivyo. Mtoto aliyezaliwa na mama mwenye virusi anachukuliwa tone la damu akiwa na wiki chache, linakaushwa kwenye karatasi maalumu, linaandikwa namba, linasafirishwa. Mama anakwenda kupimwa wingi wa virusi, kichupa kinaandikwa namba, kinasafirishwa. Kote huko mgonjwa ni namba. Mtu akiandika 6 ikasomeka 0, majibu ya mama mmoja yanakwenda kwenye faili la mwingine. Mmoja anaambiwa yuko salama wakati dawa zimeshindwa. Mwingine anabadilishiwa dawa zilizokuwa zikimsaidia. Hakuna atakayejua. Hakuna mwandishi atakayekuja kuandika habari yake. Kosa hilo halina mlipuko wala moshi.

Kwa hiyo mtaalamu wa maabara anayeinama saa nane mchana, njaa inamuuma, na bado analinganisha namba ya kichupa na namba ya fomu mara ya pili, ni mtu mkubwa kuliko wengi tunaowapigia picha kwenye zulia jekundu. Hivyo hivyo yule karani wa takwimu wa kliniki, ambaye hata kwenye sherehe za hospitali huwa hatajwi. Mfamasia naye, anayemrudishia daktari karatasi na kumwambia, "Dokta, hapa umemaanisha miligramu ngapi?", anatakiwa kupewa heshima. Sisi tunamwita mjuaji.

Tuna mfano mchungu wa kitaifa wa kutohesabu. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara, Ziwa Victoria. Kilikuwa na uwezo wa kubeba abiria 101. Waliokufa peke yao walizidi 220. Rudia kusoma sentensi hizo mbili polepole. Mtu mmoja gatini mwenye kidaftari na moyo wa kusema "wa mia na pili hapandi", hata akitukanwa, hata akiitwa mnoko, angebadilisha siku ile.

Tuna pia mfano wa upande wa pili. Mwezi Aprili 2017 uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma ulitoa orodha ya watu 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Unaweza kuwa na maoni yako kuhusu namna walivyoondolewa, hilo ni jambo jingine. Mimi naongelea kazi yenyewe. Kuna watu walikaa wakashika cheti, wakatafuta namba ya mtihani, wakalinganisha jina, mwaka, shule, halafu wakashika kinachofuata. Kuna hotuba nyingi zilizotangulia kuhusu uadilifu, miaka na miaka. Kilichowatoa watu hao hadharani ni kulinganisha karatasi na karatasi.

Na kwa kuwa tuko Njombe, niwakumbushe kitu. Novemba 2019 alipoteuliwa Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, Charles Kichere, alitokea hapa hapa. Alikuwa Katibu Tawala wa mkoa wetu. Kila mwaka ripoti ya CAG ikitoka nchi nzima inachemka, vijiwe vinawaka, wabunge wanapiga meza. Sasa ripoti ile inatoka wapi? Inatoka kwa vijana waliokwenda kwenye halmashauri wakaomba stakabadhi, wakakuta hati ya malipo haina kiambatisho, wakaandika hivyo bila kuongeza chumvi. Tunapenda ripoti, hatupendi mkaguzi. Akifika ofisini kwetu tunamnunia.

Najua hoja zitakazokuja, niwajibu kabisa.

Ya kwanza: "Wewe unatetea urasimu. Hao wanoko ndio wanaotuzungusha, njoo kesho, picha yako haina kivuli sawasawa." Hapana, ndugu yangu. Tutofautishe. Anayekurudisha mara nne kwa kosa ambalo angekwambia mara ya kwanza si mtu makini, anatafuta chai. Kipimo ni rahisi. Mtu makini anakwambia makosa yako yote kwa mkupuo mmoja, anakuonyesha kanuni, na ukirekebisha anakupitisha bila kukutazama mfukoni. Mwingine kila siku ana kosa jipya. Tunaposhindwa kuwatenganisha hawa wawili tunampa mla rushwa mahali pa kujificha.

Ya pili: "Kazi hizo hazilipi." Kweli, nyingi hazilipi, na hapo ndipo ninapokasirika. Kuna chombo kimoja cha habari nilichopitia, sikitaji, kilipunguza wafanyakazi na wa kwanza kuonyeshwa mlango akawa msoma prufu. Alikuwa mama mmoja wa makamo, anajua tofauti ya 'dhana' na 'zana' usingizini. Walisema kompyuta itasahihisha. Haukupita mwezi milioni ikachapwa bilioni, mtu akatishia kwenda mahakamani, na mhariri akawa anatafuta wa kumlaumu. Mshahara wa yule mama kwa mwaka usingefika hata ada ya wakili wa kesi moja. Huko ni kubana matumizi? Hapana, wamebomoa ukuta wauze tofali.

Ya tatu ni ya siku hizi: "Akili mnemba itafanya kazi zote hizo." Mimi naona kinyume. Mashine hizo zinaandika haraka, zinaandika vizuri, na zikikosea zinakosea kwa kujiamini kama mwanasiasa. Maandishi yakiwa mengi na ya haraka, nani atakayekagua? Zamani mtu mmoja aliandika ukurasa kwa siku na mmoja akausoma. Leo kurasa mia zinatoka kabla chai haijapoa. Wanaoweza kuandika wamekuwa wengi. Wanaoweza kusoma na kusema "tarehe hii si kweli" ndio watakaotafutwa kwa tochi.

Kwa hiyo wewe mdogo wangu uliyemaliza kidato cha nne au cha sita, unayeambiwa umezidi taratibu, sikiliza. Upimaji wa ardhi unafundishwa Chuo cha Ardhi Morogoro, na Chuo Kikuu Ardhi pale Dar es Salaam. Bikoni ikikaa pembeni hatua moja, ndugu wawili wanaacha kusalimiana hadi kaburini, na kwa jinsi ardhi ya Njombe inavyogombaniwa kwa miti na parachichi, mpimaji mkweli hatakosa kazi. Takwimu zipo Chuo cha Takwimu Mashariki mwa Afrika. Sensa ya 2022 ilisema Njombe ina watu 889,946. Ona hao sita wa mwisho, hakuna aliyewafuta ili namba ipendeze. Utunzaji wa kumbukumbu unafundishwa Chuo cha Utumishi wa Umma. Uhasibu na ukaguzi una mitihani ya NBAA. Kuna ukaguzi wa mbegu, kuna famasia, kuna maabara.

Na hilo parachichi tunalojivunia nalo lina mnoko wake. Haliwezi kusafirishwa kwa kuangaliwa kwa macho. Linakatwa kipande, linapimwa uzito, linakaushwa, linapimwa tena, ili ijulikane kama nyama yake imekomaa. Mchumaji mwenye haraka akichanganya yaliyokomaa na mabichi, mnunuzi wa ng'ambo hatamtafuta mchumaji. Atasema parachichi la Tanzania ni bovu, na hapo tumeumia wote, pamoja na yule aliyechuma vizuri.

Nina maombi matatu.

Kwa waajiri: mkitangaza kazi acheni kuandika "awe mchangamfu, awe na uzoefu wa miaka mitano" na kuishia hapo. Mpeni mwombaji karatasi yenye makosa kumi yaliyofichwa. Atakayeyaona tisa mwajirini, hata kama kwenye usaili alikuwa anatazama viatu vyake. Na mlipeni vizuri.

Kwa wazazi na walimu: mtoto anayepanga vitabu kwa urefu na kulia daftari likichafuka, msimfokee kwamba anachelewesha wenzake. Mwambieni kuna kazi zinamsubiri.

Kwa sisi vijana wa mjini: tufe na 'bora liende'. Tunaipenda kwa sababu inatufanya tuonekane watu poa, wasio na makuu. Lakini bora liende inakwenda na kilo za mkulima, inakwenda na namba ya kichupa cha mama yule, na pale Ukara ilikwenda na watu zaidi ya 220. Ukimwona mwenzako anarudia hesabu mara ya tatu wakati wote mnataka kwenda nyumbani, usimguse bega ukasema "acha unoko bwana". Vuta kiti, msaidie kusoma namba.

Naomba kutoa hoja.